Gari ya mjomba inachemsha foleni ya Darajani, njia ya Paje haichemshi

Swali:

«Assalamu alaykum fundi. Nina MGB, gari ya spoti ya Kiingereza, ya mwaka 1971 aliyoniachia marehemu mjomba wangu. Ilikaa chini ya mwembe Mbweni miaka mingi, na sasa nimeifufua. Nikienda Paje asubuhi mapema sindano ya joto inatulia katikati. Jioni nikiingia mjini, kutoka Mwanakwerekwe mpaka Darajani kwenye foleni, sindano inapanda mpaka kwenye H na maji yanamwagika kwa chini. Kila asubuhi naijaza maji ya kisima mpaka mdomoni, jioni nayakuta yamepungua. Fundi wangu ameitoa themostati akisema kwa joto letu haina kazi, na mipira ya hita ameikata na kuiziba. Sasa ananiambia magari ya Mwingereza hayakutengenezwa kwa nchi za joto, kwa hivyo nifunge rejeta ya Toyota na feni kubwa ya umeme. Kabla sijaitoboa gari ya mjomba, nataka kujua tatizo hasa ni nini. Tena mara mbili niliizima ikiwa moto, ikakataa kuwaka mpaka baada ya nusu saa. Nimeshaua injini?»

Jibu:

Wa alaykum salaam, ndugu yangu. Naanza na la mwisho, maana naliona ndilo linalokunyima usingizi. Kwa dalili ulizozitaja, injini yako haijafa. Bloki na silinda hedi ya MGB zote ni za chuma cha kusubu, na chuma hicho kinastahamili joto kuliko hedi za alumini za magari ya leo. Kule kukataa kuwaka kwa nusu saa ni jambo jingine kabisa, ni petroli inayochemka ndani ya kabureta, nami nitalirudia. Lakini usiendelee kuiendesha hivyo kwenye foleni, hasa kaskazi, msimu wetu wa joto, ikiingia. Hedi inaweza kustahamili kuchemshwa mara mbili tatu. Kila siku haiwezi.

Sasa lile la «magari ya Mwingereza». Nimelisikia katika kila gereji, na si kweli. MGB zilitengenezwa Abingdon, Uingereza, kuanzia 1962 hadi 1980, na nyingi kati yake ziliuzwa Marekani, zikaendeshwa California na Texas, kwenye jua ambalo sisi wa pwani hatulijui. Kitabu cha gari chenyewe kinataja themostati tatu, yaani vile vilango vinavyofunguka maji ya injini yakifika joto fulani: ya nyuzi 82 kwa matumizi ya kawaida, ya 88 kwa nchi za baridi na ya 74 kwa nchi za joto. Waliotengeneza walitufikiria. Kwa hivyo ukiona MGB inachemsha Unguja, usiulize tuiongezee nini. Uliza imepoteza nini tangu ilipotoka kiwandani.

Hata hivyo fundi wako ana chembe ya ukweli, nami sitaki kumdhulumu. Rejeta haitoi joto kwa kiasi kilekile kila mahali. Inategemea tofauti baina ya joto la maji yaliyomo na joto la hewa inayopita. Maji yakiwa nyuzi 90 na hewa 20, kama siku ya kawaida ya kiangazi huko Uingereza, tofauti ni 70. Mchana wa kaskazi mjini Unguja hewa ikiwa 32, tofauti inashuka mpaka 58. Hapo rejeta ileile imepoteza karibu asilimia 17 ya nguvu zake bila ya kuharibika chochote. Rejeta nzima ina akiba ya kulibeba hilo. Rejeta iliyochoka, ambayo kwao Uingereza ingejikongoja, kwetu inaanguka. Joto letu linafichua ubovu, haliuzalishi.

Maelezo yako yenyewe yana nusu ya jibu. Injini ikienda kilomita 80 kwa saa inatoa joto jingi zaidi kuliko ikiwa kwenye foleni, lakini hewa inasukumwa ndani ya rejeta na mwendo wenyewe. Kwenye foleni joto ni dogo, ila hewa yote inategemea feni, na feni ya MGB ya 1971 inazungushwa na mkanda. Injini ikinguruma kwa mizunguko 700 au 800 kwa dakika, feni nayo inazunguka polepole. Gari inayochemsha ikisimama tu, tatizo lake la kwanza ni hewa. Inayochemsha ikienda mbio, tatizo lake aghlabu ni maji: mirija imeziba, pampu imekula mapanga yake, au mpira wa chini wa rejeta umelainika ukawa unanyonywa na kujifunga.

Lakini mtihani uliofanya haukuwa wa haki. Paje ulikwenda asubuhi mapema, hewa ikiwa baridi, na mjini uliingia jioni, gari imekula jua siku nzima. Nenda Paje tena saa saba mchana, kwa mwendo uleule. Sindano ikibaki katikati, tunashughulika na hewa. Ikianza kupanda ukipita Jozani, basi una matatizo mawili kwa pamoja, na kwa gari iliyolala chini ya mwembe miaka mingi mimi natarajia mawili.

Kabla ya kugusa spana, acha kuijaza mpaka mdomoni. Gari yako haina tangi dogo la pembeni la kupokea maji yanayotanuka. Nafasi ya kutanukia imeachwa ndani ya rejeta yenyewe, juu, na maji yanatakiwa yakae kiasi cha inchi moja chini ya mdomo. Mfumo wote unachukua lita 5 na nusu hivi. Maji yakitoka nyuzi 25 kufika 90 yanaongezeka kwa kiasi cha asilimia 3, yaani kama kikombe kidogo cha chai. Kikombe hicho, kikikosa pa kukaa, kinatoka kwa mpira wa kutapikia na kumwagika chini. Jioni unakuta yamepungua, asubuhi unajaza tena, na gari inatapika tena. Sehemu ya maji unayoyaona chini si kuchemka, ni gari inatafuta kiwango chake. Jaza inchi moja chini ya mdomo, endesha siku tatu, kisha pima kwa kijiti injini ikiwa baridi. Yakitulia pale yalipo, huna uvujaji. Yakiendelea kushuka, yanakwenda mahali, na inabidi tuyafuate.

Ukiwa hapohapo mdomoni, kitazame kifuniko. Hicho ni valvu, na kwa injini yako kinatakiwa kizuie mgandamizo wa paundi 10 kwa inchi ya mraba. Kwa mgandamizo huo maji yanachemka kwenye nyuzi 115 badala ya 100. Kifuniko kilichochoka mpira, au cha gari nyingine ambacho shingo yake ni fupi kuliko ya rejeta yako, kinakuondolea nyuzi 15 hizo kimyakimya. Kwa macho kinaonekana kimekaa vizuri. Kwa ndani hakijagusa kiti chake. Na usifikirie kuweka cha paundi 15 ili upate zaidi, maana rejeta ya zamani iliyounganishwa kwa risasi itafunguka mishono.

Sasa maji yenyewe, na hapa nitakaa kidogo, maana ndipo gari nyingi za kisiwa hiki zinapofia. Unguja imekaa juu ya mawe ya matumbawe, na matumbawe ni chokaa. Maji ya visima vyetu yana chokaa, na visima vya karibu na bahari, kama huko Mbweni, vinakuwa na chumvi juu yake. Litazame birika la nyumbani kwako lililochemsha maji hayo mwaka mmoja: lile gamba jeupe la chini ndilo lililomo ndani ya bloki yako, isipokuwa la bloki limechanganyika na kutu. Gamba hilo linazuia joto lisihame kutoka kwenye chuma kwenda kwenye maji. Sindano inaweza kuonesha maji yana joto la wastani, huku chuma cha kuzunguka valvu za ekzosi kinaungua. Chumvi nayo inaharakisha kutu ya chuma na kula shaba ya rejeta. Tena kila unapoongeza maji ya kisima asubuhi unaongeza chokaa mpya, kwa sababu yanayopotea kwa mvuke yanaondoka peke yake na kuiacha chokaa ndani.

Kazi ya kwanza, basi, ni kuisafisha bloki. Injini ikiwa baridi kabisa, toa mpira wa chini wa rejeta maji yamwagike. Kisha nenda ubavu wa kulia wa bloki, kwa nyuma, utakuta koki ndogo au bolti ya kumwagia maji. Ifungue. Katika gari iliyokaa, mara nyingi hakitoki kitu, hata tone, na watu wanadhani bloki iko tupu. Haiko tupu. Maji yamezuiwa na tope la kutu lililotuama chini, kuizunguka silinda ya nne, iliyo mbali zaidi na pampu. Ingiza waya mgumu kwenye tundu hilo, uchokoe kwa subira. Kwanza litatoka tope zito jekundu lenye chembechembe, kisha maji ya rangi ya chai ya rangi, kisha yatatoka kwa kasi. Hapo weka mpira wa bustani juu, pale panapokaa themostati, uyasukume maji yashuke kinyume na njia yake mpaka yatoke meupe. Usiwe na haraka. Kazi hii inaweza kula asubuhi nzima. Tope likigoma, kuna vizibo vya duara vya chuma ubavuni mwa bloki. Fundi anaweza kuving'oa, kukwangua ndani na kupiga vipya.

Gamba la chokaa halitoki kwa maji matupu. Nunua asidi ya sitriki ya unga, robo kilo hivi inatosha, uikoroge kwenye maji safi, ujaze mfumo, uache injini ipate joto lake na izunguke kwa nusu saa, kisha umwage ikiwa vuguvugu. Suuza, pitisha maji yenye magadi ya kupikia kidogo ili kuua asidi iliyobaki, halafu suuza mara mbili tena. Si ndimu za Darajani, tafadhali. Nimeshaona mtu akikamua, na kokwa zake tukazikuta ndani ya pampu. Nikwambie na ubaya wake mapema: asidi ikiondoa gamba inaweza kufichua tundu ambalo gamba lilikuwa limeliziba. Rejeta isiyovuja leo inaweza kuvuja kesho. Hiyo ni bahati nzuri kwa upande wangu, maana bora ivuje uwanjani kwako kuliko Kinyasini usiku, lakini ujue kabla.

Baada ya hapo kisima kisiguse tena gari. Maji ya mvua ya masika yaliyokingwa kwenye chombo safi, baada ya bati kuoshwa na mvua ya kwanza, ni mazuri. Maji yaliyosafishwa yanayouzwa kwa ajili ya betri ni mazuri zaidi, ila soma chupa uhakikishe ni maji na si asidi ya betri; zinakaa rafu moja na chupa zinafanana. Ongeza kulanti, theluthi moja kwa theluthi mbili za maji. Sisi hatuna barafu ya kuihofia, tunachokitaka kwenye kulanti ni dawa ya kutu. Ukizidisha nusu kwa nusu unapunguza uwezo wa maji wa kubeba joto, kwani maji matupu yanabeba joto zaidi kuliko mchanganyiko. Chagua ile ambayo lebo yake inasema inafaa injini za chuma na rejeta za shaba zilizounganishwa kwa risasi. Usiende kwa rangi, rangi kila mtengenezaji anatia aipendayo. Baada ya miaka miwili, mwaga utie mpya.

Themostati irudi. Najua fundi wako hatapenda. Themostati ni mlango unaofunguka maji yakipata joto, na ukishafunguka wote hauzuii kitu cha maana. Gari ikichemsha, mlango ulikuwa wazi tayari, kwa hivyo kuuondoa hakuongezi ubaridi, isipokuwa kama ulikuwa umekwama. Uthibitisho unao mwenyewe: imetolewa na gari bado inachemsha. Hasara yake inakuja polepole. Injini inachukua muda mrefu kupata joto, na katika safari fupi za mjini haipati kabisa. Petroli isiyoungua inateremka kwenye oili, unyevu haukauki, na silinda zinalika. Tena ule mbano mdogo wa themostati unasaidia kuweka mgandamizo ndani ya hedi, ili mapovu ya mvuke yasijikusanye karibu na valvu za ekzosi. Katika injini hii silinda ya pili na ya tatu zinatumia tundu moja la ekzosi katikati, na hapo ndipo hedi zake zinapopenda kupasuka.

Nunua ya nyuzi 82, au ya 74 ukiipata, na uijaribu kabla ya kuifunga. Chukua sufuria ya maji, itundike themostati kwa uzi ielee katikati bila ya kugusa chini, weka na kipimajoto, kisha washa moto mdogo. Maji yakikaribia nambari iliyochapwa kwenye shaba yake, utaiona inaanza kupenya mwanga pembeni, halafu inafunguka taratibu mpaka uweze kupitisha ncha ya kidole. Zima moto na utazame kama inajifunga. Isiyojifunga au isiyofunguka wote irudishe dukani, hata kama ni mpya. Mpya nyingine mbovu.

Tuje kwenye hewa, ambayo kwa foleni ya Darajani ndiyo mshitakiwa mkuu. Chuchumaa mbele ya gari na umulike rejeta kwa tochi. Baina ya mirija ya maji kuna vibati vyembamba vilivyokunjwakunjwa, na hivyo ndivyo vinavyolipa joto kwa hewa. Viguse kwa ukucha, taratibu. Vikibomoka kama jani kavu, rejeta hiyo imekwisha, hata kama haivuji tone. Hewa ya chumvi ya Mbweni inaanza kula mahali vibati vinaposhikana na mirija. Watu wengi hupima rejeta kwa kuvuja tu. Yako inaweza kushikilia maji vizuri kabisa huku haitoi joto. Vikiwa vigumu lakini vimejaa vumbi na majani ya mwembe, vioshe kwa mpira wa kawaida kutokea upande wa injini kuelekea mbele. Ile mashine ya kuoshea magari isikaribie hapo, inavilaza vyote.

Halafu tazama pembezoni. Rejeta ya MGB imekaa kwenye ukuta wa bati, na juu yake panatakiwa pawe na mpira unaoziba nafasi baina ya ukuta huo na boneti. Katika gari zilizofufuliwa mpira huo haupo karibu siku zote, kwani unaoza na hakuna anayejua ulikuwepo. Ukikosekana, hewa moto ya injini inapanda juu ya ukuta, inarudi mbele na kuvutwa tena na rejeta. Kwenye mwendo haionekani. Kwenye foleni inakumaliza. Kipande cha mpira kinachotibu ugonjwa huu ni cha bei ndogo kuliko chochote kingine kwenye barua hii.

Feni yenyewe inaweza kuwa imefungwa kinyume, mgongo mbele. Bado itavuta hewa kuelekea nyuma, lakini kwa nguvu hafifu. Washa injini, ibandike karatasi mbele ya rejeta. Feni nzima inaishika karatasi bila ya msaada wako. Mkanda usukume kwa kidole gumba kwenye upande wake mrefu: ukiingia zaidi ya nusu inchi umelegea, na ukilegea pampu ya maji nayo inalegea, kwani wote wanategemea mkanda huohuo. Hilo la mkanda lifanye injini ikiwa imezimwa, na shati lisiwe na mikono mirefu ukiwa karibu na feni inayozunguka.

Kuna joto linalotoka mahali ambapo watu hawatafuti. Plagi zikiwashwa kwa kuchelewa, moto unakuwa bado unawaka wakati valvu ya ekzosi inafunguka, na joto lililotakiwa kusukuma pistoni linaingia kwenye hedi na kwenye maji. Taimingi, yaani wakati wa plagi kuwasha, ikichelewa nyuzi chache inatosha kuisumbua gari kwenye foleni. Kuna mrija mwembamba unaotoka upande wa kabureta kwenda kwenye distribyuta, inayogawa umeme kwa plagi, kwa kazi ya kuwahisha moto. Ukiwa umepasuka au umechomoka, ni hilohilo. Kabureta zikinyimwa petroli nazo zinachoma kwa ukali. Chomoa plagi: ukikuta nyeupe kama chaki, mchanganyiko ni mkavu, zinatakiwa ziwe kahawia hafifu. Na kwa kuwa gari ililala muda mrefu, inua kila gurudumu ulizungushe kwa mkono. Breki iliyoshika inaifanya injini ivute mzigo usiouona.

Je, sindano yenyewe ni mkweli? Ukifuata kutoka kwenye hedi ukakuta waya mmoja, geji yako ni ya umeme, na inategemea kifaa kidogo nyuma ya dashibodi kinachoishusha voti ya betri mpaka 10. Kikikosa ethi nzuri, yaani kisiposhikana vizuri na bodi ya gari, geji zote mbili, ya petroli na ya joto, zinasoma juu zaidi ya ukweli. Kama tangi la petroli linaonekana limejaa kila siku, furahi kidogo kisha shuku. Ukikuta mrija mwembamba wa shaba badala ya waya, hilo halikuhusu. Azima kile kipimajoto cha kulenga kwa mwanga mwekundu, ambacho mafundi wa viyoyozi wanacho, ukipige kwenye mfuniko wa themostati wakati sindano iko kwenye H. Kati ya 85 na 95, hiyo ni kazi ya kawaida. Kipige na usoni kwa rejeta, mahali mbalimbali. Pa baridi katikati ya pa moto ni mirija iliyoziba.

Sasa ushauri wa fundi wako kuhusu vifaa. Rejeta ya Toyota sikushauri. Itaingia kwa kukata bati na kuchomelea miguu mipya, mipira yake itakuwa ya kuunga, na ukishakata huwezi kurudisha. Ukikuta vibati vyako vinabomoka, njia bora ni kuitia rejeta yako tumbo jipya la shaba, ukibakisha matangi yake ya juu na chini. Kazi hiyo inafanywa na mafundi wa rejeta, hata kama itabidi uivushe Dar. Njia ya pili ni kuagiza nzima mpya Uingereza, kwani vipuri vya MGB bado vinatengenezwa na si vigumu kuvipata. Ile ya alumini inayong'aa ni nyepesi na inatoa joto vizuri, lakini ikikutana na maji ya kisima na hewa ya chumvi haina maisha marefu. Mtu asiyeweza kujizuia na kisima asiinunue.

Feni ya umeme siipingi. Kiwanda chenyewe kilihamia huko kwa modeli ya 1977, na kwa foleni zetu ni msaada wa kweli, kwani inazunguka kwa nguvu ileile hata injini ikipoa mwendo. Ila ije mwisho, baada ya yote niliyoyataja, isije ikafunika ugonjwa. Chagua ya kiasi, inayokula ampea 8 hadi 12. Altaneta ya asili ya gari yako inatoa 34 tu, na taa na honi nazo zinataka. Iwe na rilei na fyuzi yake. Ukishaifunga fanya tena mtihani wa karatasi, maana waya zikibadilishana inapuliza kinyume, ikapigana na upepo wa gari.

Mipira ya hita iunganishwe. Hita ni rejeta ndogo ya pili. Siku sindano inapopanda na umenaswa baina ya daladala mbili, fungua hita mpaka mwisho pamoja na feni yake, weka gia huru na ukanyage kidogo mpaka mizunguko 1500. Utatoka jasho, lakini sindano itashuka. Hiyo ni kwa sindano iliyopanda. Ukishaona mvuke, jambo limebadilika: kaa pembeni, zima, fungua boneti na usiguse kifuniko kwa muda usiopungua nusu saa. Maji yenye mgandamizo yanachemka mara moja ukifungua, yanaruka usoni. Baadaye funika kwa kitambaa kinene, zungusha robo tu ipumue, ndipo utoe. Wala usimimine maji baridi kwenye injini iliyo moto. Chuma kinaweza kupasuka, na hapo ndipo utakapokuwa umeiua kweli.

Na ile kukataa kuwaka? Kabureta za MGB zimekaa juu ya ekzosi, upande mmoja. Ukizima gari ya moto, upepo umekatika na joto lote linapanda kwenye kabureta, petroli iliyomo ikachemka. Ndiyo maana hata sindano ya joto inapanda kidogo baada ya kuzima. Hilo ni la kawaida, usilihesabu. Hakikisha lile bati la kukinga joto baina ya kabureta na ekzosi lipo pamoja na vikingio vyake, kwani linatolewa na kusahauliwa. Ukifika, inua boneti dakika tano. Ukitaka kuwasha tena ikiwa moto, kanyaga mafuta nusu, ushikilie bila ya kupampu, na upige stata.

Kuna hali ambazo barua haitoshi na inabidi gari ionwe kwa mikono. Ukiwasha asubuhi injini ikiwa baridi na ukaona mapovu yanapanda rejetani bila ya kukoma, au mpira wa juu unakuwa mgumu ndani ya dakika moja, gasketi ya hedi inapitisha moshi wa injini kwenye maji. Oili yenye rangi ya maziwa kwenye kijiti, moshi mweupe mzito usioisha, au maji yanayopungua bila ya tone chini, ni hilohilo. Lile povu jeupe kidogo chini ya kifuniko cha oili lisikutie hofu, hasa kwa gari isiyo na themostati. Mara nyingi ni unyevu tu. Fundi mwenye kipimo cha maji ya buluu anaweza kukupa jibu haraka: kinawekwa mdomoni mwa rejeta, na buluu ikigeuka manjano, moshi wa injini unaingia kwenye maji. Hapo usiendeshe tena hata mpaka msikitini. Hedi itolewe na ipelekwe ikapimwe kama imepinda au imepasuka, kabla ya kununua gasketi mpya.

Ukimtafuta mtu wa kazi hiyo, tafuta fundi mzee aliyewahi kufungua Morris Oxford au Austin Cambridge. Injini zao ni ukoo mmoja na yako, na mkono wake utaikumbuka. Taimingi mwachie yeye pia, awe na taa ya kupimia. Bloki, themostati, kifuniko na ule mpira wa boneti unaweza kuvimaliza mwenyewe uwanjani kabla ya kaskazi. Ukishachokoa ile koki ya nyuma, niandikie kilichotoka, kiasi gani na rangi gani, pamoja na sindano ilivyosoma saa saba mchana ukipita Jozani. Hapo ndipo nitakwambia kama pesa ya tumbo jipya la rejeta itoke au ibaki mfukoni.